Benchi la Tatu

Alikuja mchana, banda likiwa tupu,
Bi Somoe wa Mkunya, kanga kaifunga kibwebwe
kama anayeshuka bondeni kuteka maji.
Akaweka mezani shilingi mia tano.
"Ile ya Kikorea," akasema. "Ile ya mama."

Kikorea sikijui. Newala nzima inajua sikijui.
Nazima sauti zao, nashika maikrofoni, natia yangu.
Muuza samaki nampa matusi ya soko letu,
askari wao nampa Kiswahili cha kituo chetu,
na pale nisipoelewa, natunga.

Mama yule ana mwana. Mwana ana damu kwenye kiatu.
Mama anakifukia kiatu thelujini,
anakanyaga, anakanyaga,
kanyaga ya mtu anayeshindilia kaburi la kuku.
Watu hulia hapo.
Bi Somoe alikuwa anahesabu kwa vidole.

Kesho yake akarudi. Keshokutwa tena.
"Ile nyeupe ni nini? Nimweleze vipi mtu?"
Ni kama salfa, nikamwambia, alfajiri,
pampu zikishapita mikoroshoni,
majani yote meupe, hakuna ndege.
"Ina baridi?"
Ina baridi.
"Inaondoka?"
Jua likitoka.
Akanyamaza, mimi nikazungusha waya.

Wiki ile walikuwa wamemzika Nangomwa,
mlinzi wa ghala la chama.
Magunia manne yalipungua,
na kichwa chake kilipungua upande mmoja.
Mtu kamwona Dadi njiani usiku, Dadi wa Bi Somoe,
umtumaye chumvi akarudi na kiberiti,
abebaye gunia bila kuombwa, akicheka.

"Jumatano Dadi alikuwa hapa," akaniambia.
Hakuwa anauliza.
"Benchi la tatu, karibu na nguzo."
Alikuwa kashika bakuli la ming'oko, bado linafuka.
Akalitua juu ya ile mia tano.
"Nimembeba mgongoni miaka sita.
Wenzake wanakwenda shule, mimi nimembeba."
Uani kwake nililiona shati, limefuliwa hadi limechakaa,
lina doa kifuani.
"Bibo," akasema, kabla sijauliza.
Bibo halitoki, kweli. Kila mtoto wa huku anajua.
Lakini mabibo yalikuwa yamekwisha wiki tatu.

Afande alimkalisha Dadi bandani kwangu, palepale.
Ilikuwaje hiyo picha?
Dadi akasimulia, macho juu, mwili ukiyumba
kama mtoto wa chuoni mbele ya maalimu:
muuza samaki, kiatu, ile nyeupe kama salfa.
"Ikaishaje?"
"Mama akampikia mwanawe wali. Wakala. Mvua ikanyesha."

Afande akanigeukia mimi.

Mvua ile niliitunga.
Niliwaona wawili wamekaa mbele ya bakuli,
wanasema maneno marefu, midomo inatetemeka,
sikuelewa hata moja, nikasema: mvua, wanangu, mvua inanyesha.
Haijui mtu asiyeisikia sauti yangu.
"Alikuwa hapa," nikasema. "Benchi la tatu."
Ulimi haukuteleza. Umezoea.

Siku hizi Dadi huingia bure.
Hukaa karibu na nguzo, hucheka mahali si pa kucheka.
Bi Somoe akipita barabarani hanitazami,
ila bakuli lake sijalirudisha, naye hajaliulizia.

Jana akaja mama yake Nangomwa.
Sarafu zake zilikuwa za hamsini hamsini,
akazihesabu polepole, kumi.
"Wanasema ipo ya mama," akasema.
Nikamwekea.
Akachagua mwenyewe pa kukaa. Benchi la tatu.

Ilipofika pale pa kiatu nikashika maikrofoni,
sikupata neno.
Kikorea kikatoka chenyewe, mara ya kwanza bandani mwangu,
sauti ya mwanamke, nyembamba, imekauka.
Akainama mbele.
"Anasema nini?"
Jua likatoka kwenye kioo. Ile nyeupe ikaanza kuwa maji.
Nikapeleka mkono kwenye swichi.

"Umeme umekatika, mama."

Akainua macho, akaitazama feni
ikizunguka juu yetu.
Akakunja kanga magotini.
"Basi," akasema, "nitangoja urudi."